Elphas, Norman na Kura ya Gongo

Elphas Omwakwe alikuwa bingwa wa mchezo ambao kijijini kwao watu walidhani ni adhabu. Unamwona kijana mzima amesimama juani na gongo begani, mwenzake anamrushia mpira mgumu kama jiwe, naye anatakiwa aupige, kisha akimbie azunguke uwanja mzima arudi palepale alipoanzia. Mamake alipoona hayo mara ya kwanza aliuliza mtoto wake amekosa nini.

Ilikuwa besiboli. Mwalimu wa michezo wa Ebukolo, shule ya wavulana kule Vihiga, alikuwa amepewa sanduku la magongo na glavu na mgeni wa kanisa, na kwa kuwa timu ya kandanda ya shule ilikuwa ikifungwa hadi na shule za msingi, akasema basi, tujaribu aibu nyingine. Magunia ya maranda yakawa besi, vile vituo vya kukimbilia. Shamba la mahindi la jirani likawa mwisho wa uwanja. Ukiupeleka mpira mle, umepiga pigo kubwa kuliko yote, na umepoteza mpira pia, maana yule jirani hakuwa mtu wa kurudisha vitu. Elphas alimtajirisha yule jirani. Wavulana wa kidato cha kwanza walikuwa wakija bwenini kumtazama mikono.

Utukufu wake ulikwisha na mtihani wa kidato cha nne, kama unavyokwisha utukufu wa Wakenya wengi. Akauza laini za simu. Akachimba mawe ya kujengea. Akamuoa Shirleen. Mwaka wa 2012 ajenti mmoja wa Nairobi akamwambia kuwa Saudia wanataka walinzi warefu, na Elphas alikuwa mrefu. Katika sifa zote alizojaliwa, hiyo ndiyo iliyopata soko.

Riyadh walimpa sare, filimbi na mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa jengo la maduka pale Olaya, wa vioo, unaojifungua wenyewe mtu akikaribia. Kazi ya Elphas ilikuwa kusimama kando ya mlango usiomhitaji. Siku za familia aliwazuia vijana waliokuja bila familia wasiingie, yeye ambaye familia yake ilikuwa ng'ambo ya bahari na bintiye, Valary, alizaliwa miezi kadhaa baada ya ndege kuondoka. Valary kwake alikuwa sauti ya kwenye simu, na mara nyingi hata sauti haikuwa, ni kupumua tu halafu laini inakatika.

Mkataba ulisema miaka miwili, kisha likizo. Miaka miwili ilipotimia Elphas alikwenda kwa mudiri, meneja wa kampuni iliyokuwa kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, kuomba kibali cha kutoka na kurudi. Mudiri akamwambia bukra, kesho. Kwa Kiarabu cha ofisi ile kesho ni siku ambayo haijawahi kuonekana na mtu. Pasipoti iko kabatini mwa kafili, kibali kiko mkononi mwa kafili, na wewe uko mlangoni. Elphas alianza kuota likizo kama wengine wanavyoota chakula.

Basi, kambini kwao Sinaiya, eneo la karakana kusini mwa jiji, akaletwa mlinzi mpya jina lake Norman Mutwiri, mtu wa Meru, mfupi, mwenye shingo ya fahali na hasira za kuazima kwa wajomba. Ilikuwa zamu ya Elphas kufagia ukumbi wa chakula. Norman alisimama na sahani yake akamtazama anavyoushika ufagio.

"Wewe umecheza besiboli," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu hushika ufagio hivyo isipokuwa anataka kuua mtu ama kupiga mpira. Na huna sura ya kuua."

Wakakumbatiana kama ndugu. Urafiki ulidumu mpaka chai ilipopoa, maana waligundua kwamba walikuwa wamekutana. Mashindano ya taifa ya shule za sekondari, Nakuru, mwaka ambao wote wawili walikuwa kidato cha nne. Ebukolo dhidi ya Kithare. Kithare ya Norman ilishinda. Lakini katika mechi hiyohiyo Elphas aliupiga mpira ukavuka uwanja, ukavuka barabara ya walimu, ukatua juu ya paa la jikoni la shule mwenyeji, wapishi wakatoka mbio wakidhani ni mwizi.

"Lile paa nalikumbuka," Norman alikubali. "Pigo zuri. Mlifungwa."

"Tulifungwa kama timu. Mimi sikufungwa."

"Mimi nilipiga mara tatu siku hiyo. Tatu, buda. Na kila mara mwenzangu aliyekuwa kwenye besi alifika nyumbani, tukapata pointi."

"Vipigo vya kuku. Mpira unatambaa kwenye nyasi kama mlevi."

"Wewe huko kwenu mlikuwa na shule nne zinazocheza. Tatu kati yazo hazikujua gongo linashikwa upande gani. Ukipiga mpira wa mtu kama huyo, umepiga nini? Kwetu Meru kila shule ina mrushaji, na kila mrushaji ana mkono wa mtu aliyelelewa akipanda miti ya miraa. Mtoe huyo jirani wa mahindi uliyenisimulia umlete Kithare, afe maskini."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulikaa kambini miezi kama mpangaji asiyelipa. Nani alikuwa mpigaji mkubwa? Yule aliyepiga mbali kwenye ligi nyepesi, au yule aliyepiga karibu kwenye ligi nzito? Je, kikombe cha timu ni sifa ya mtu? Mpira wa juu ya paa unahesabiwa vipi kama ulipigwa wakati mechi imeshaharibika? Wenzao hawakuujua mchezo hata kidogo, na hilo halikumzuia yeyote kuwa na msimamo. Katika basi la kwenda Olaya asubuhi, watu waliosinzia walikuwa wakiamka ili kubishana, kisha wanalala tena.

Ungeishia hapo ungekuwa upuzi wa kupoza moyo. Ghalib ndiye aliyeufanya uwe jambo.

Ghalib alikuwa mzaliwa wa Jeddah. Babu zake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kukunjwa na kutiwa udi. Alifanya kazi kwa tajiri mmoja wa Jeddah aitwaye Ziyad, mwagizaji wa vifaa vya hospitali, aliyesoma Marekani na kurudi na shahada pamoja na wazimu wa besiboli. Ziyad alikuwa na timu ya kampuni yake, na kila Ijumaa walicheza na timu za wageni: madaktari, walimu, Wafilipino. Timu yake ilikuwa ikipigwa kila Ijumaa. Habari za Wakenya wawili wanaogombana kuhusu besiboli zilimfikia, kwa sababu Wakenya hawana siri yenye miguu mifupi.

"Tajiri wangu ataka mpigaji," Ghalib aliwaambia siku alipofika Sinaiya, amekaa ukingoni mwa kitanda asiichafue kanzu. "Atamweka kazini kwake, dereva wa ofisi, chumba cha watu wawili. Atamhamishia kafala, mwenyewe awe kafili. Na likizo kila mwaka, tena kwa wakati wake. Yeye hana mambo ya bukra. Lakini ni mmoja tu. Mie mchezo huo siujui, kwangu mie ni watu wazima wanafukuzana na kijiti. Mchagueni nyie wenyewe aliye mkubwa."

Elphas alisikia neno moja katika yote hayo. Likizo. Akamtazama Norman, na Norman alikuwa ameshamtazama yeye.

Sasa, popote palipo na Wakenya zaidi ya wanne pana kamati. Ya Sinaiya ilikuwa na mwenyekiti, Ephraim, Mkamba mpole aliyewahi kuwa karani wa kanisa, na ilikuwa na katibu, mweka hazina na kanuni za kuchangia maiti. Ephraim aliitisha mkutano Ijumaa mchana. Wakafungua kwa sala. Kisha akatangaza kuwa ajenda ni moja: kati ya ndugu Elphas na ndugu Norman, nani mpigaji mkubwa zaidi katika historia.

Norman alizungumza kwanza, naye alizungumza vizuri, jambo lililomuudhi Elphas. Alisema mpigaji ni kama mfadhili, hapimwi kwa noti aliyoipeperusha, anapimwa kwa nyumba ngapi zimeezekwa. Alisema yeye alipopiga, mtu alifika nyumbani. Elphas akasimama akasema kuwa ukubwa ni ukubwa. Kama wanataka mtu wa kupiga karibu karibu, kambi imejaa. Akasimulia lile paa. Akalisimulia mpaka bati likasikika. Hakusema kuwa tangu machimbo ya mawe bega lake la kushoto halikuwa likipanda juu ya sikio. Hakusema kuwa mwanga wa Olaya, ule unaotoka kwenye vioo na kurudi kwenye vioo, ulikuwa umemfanyia kitu machoni, na kwamba siku hizi nambari za magari alizisoma kwa kubahatisha.

Mpishi wa kambi, Mganda, alikuwa akisikiliza mlangoni huku akimenya vitunguu.

"Nyinyi," akasema, "mbona hamuwapi fimbo mkaona?"

Lilikuwa wazo la ajabu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Hilo haliko kwenye ajenda," Ephraim akasema.

"Haliko," akasema Elphas upesi.

"Kupitia kwa mwenyekiti, haliko kabisa," akasema Norman, akiangalia viatu vyake.

Elphas aliona yale macho yanavyoangalia viatu, akapata moyo. Huyu naye amechakaa, akajiambia. Basi tuko sawa, na kwa kuwa tuko sawa, anayestahili ni mimi.

Wakapiga kura, na hapo besiboli ikatoka nje kuvuta hewa. Watu wa mlima wote, Wameru na binamu zao Wakikuyu, walimpigia Norman, na miongoni mwao kulikuwa na mtu aliyeamini hadi siku hiyo kuwa besiboli inachezwa ndani ya maji. Waluhya, watu wa Elphas, walikuwa wengi wa kutosha kumaliza kazi, ila walikuwa Waluhya. Wamaragoli walisema Mnyore kama Elphas hajawahi kuwafaa kwa lolote. Wabukusu walidai waletewe mgombea wao, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika gongo. Elphas aliona likizo yake ikizama mbele ya macho yake, akamfuata Elly, msemaji wa Wajaluo, kwenye mabomba ya maji.

"Elly, ndugu yangu. Unaonaje huo mchezo?"

"Mchezo siujui," Elly alisema, akiosha miguu bila haraka. "Lakini najua mwaka jana nani alimshinda nani kwenye uchaguzi wa rais, na najua huyo Norman anacheka mpaka leo. Ukifika Jeddah, utanivuta?"

"Nitakuvuta."

"Sema wallahi."

"Mimi ni Mkristo, Elly."

"Ndiyo maana nataka useme."

Akasema. Wajaluo wakampigia, Elphas akashinda kwa kura za kuhesabika kwa vidole, na Ephraim akatangaza kwamba historia imeamua. Norman alitoka nje bila kumpa mtu mkono. Aliporudi alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Umeshinda uchaguzi. Hujanishinda mimi."

Elphas alikuwa na haraka. Ghalib alimwambia asubiri uhamisho wa kafala ukamilike, halafu siku mbili baadaye akamwambia tajiri ana mechi kubwa, aje kwanza, karatasi zitafuata. Mudiri wa Riyadh ameshaongeleshwa kwa simu na amesema mafi mushkila, hakuna tatizo. Mtu yeyote aliyekaa Saudia anajua kuwa mafi mushkila ni jina la tatizo kabla halijavaa nguo. Elphas alijua. Lakini alishampigia Shirleen simu, alishamwambia Krismasi atakuwa nyumbani, na Shirleen alishamwambia kanisa zima. Akapanda basi la Jeddah na ikama, kibali cha ukaazi, inayosema ni mlinzi wa kampuni ya Riyadh.

Uwanja ulikuwa kaskazini mwa Jeddah, nyuma ya makazi ya wageni, una nyasi za kumwagiliwa na mistari ya chokaa kama shule ya matajiri. Ziyad alikuwa kijana bado, mcheshi, amevaa kofia ya kaki. Alimshika Elphas mabega akapima urefu wake kwa macho, akawaambia wenzake neno, wote wakacheka kwa furaha. Walimpa jezi. Hewa ya Jeddah ilikuwa nzito kama blanketi bichi. Elphas akachukua gongo, akasimama vile alivyosimama Ebukolo, na kusema kweli, alipendeza. Kama mashindano yangekuwa ya kusimama, angepewa kombe.

Mpira wa kwanza ulipotoka mkononi mwa mrushaji alikuwa akiuona. Katikati ya njia ikawa mipira miwili. Alichagua mmoja akaupiga kwa nguvu zake zote, na ulikuwa ule mwingine. Wa pili ulipita akiwa bado anaamua. Wa tatu bega likagoma njiani, gongo likakata hewa chini, na mwili wote ukageuka ukamwangusha kwa goti moja, kama mtu anayechumbia.

Ziyad alipiga makofi. Walipiga makofi wote, kwa adabu, na Elphas hajawahi kupigwa na kitu kikali kuliko yale makofi.

Ijumaa iliyofuata alifanikiwa kuugusa, ukadundadunda mpaka miguuni mwa mrushaji kama kuku anayejua nyumbani. Ijumaa ya tatu hakuitwa kucheza. Akaambiwa ashike maji. Katikati ya wiki ufunguo wa gari la ofisi ulipewa mtu mwingine kwa muda, na muda huo haukuisha. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Tajiri aliacha tu kumwona, na Elphas alikuwa na uzoefu wa kutoonekana, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka miwili pale Olaya.

Ghalib ndiye aliyeleta habari, na aliileta uso umeinama.

"Kaka, n'samehe. Ziyad hajatia saini ile karatasi ya kafala, na hatii. N'mempigia mudiri wako Riyadh, nikamwambia basi mrudishe kazini. Kaniambia wewe washakuandika huruub."

Huruub ni mtoro. Kafili akishakuandika hivyo kwenye mfumo wa serikali, ikama yako inakufa mfukoni huku bado umeishika. Huwezi kufanya kazi, huwezi kuhama, huwezi kutoka, na askari yeyote akikusimamisha umekwisha.

"Lakini yeye ndiye aliyesema mafi mushkila," Elphas akasema.

"Kasema. Sasa asema hajasema. Ajilinda, pasitokee mtu akamuuliza mfanyakazi wake afanya nini Jeddah."

Alimpeleka Ghulail, mtaa wa vichochoro na majumba ya zamani ambamo Waafrika wa kila nchi wamejazana, kwa shangazi yake aitwaye Bi Zeinab, aliyekuwa akipika sambusa na maandazi ya kupelekwa madukani. Elphas akawa mkanda unga. Alilala stoo, kati ya magunia. Bi Zeinab hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alimtazama anavyoukanda unga, akasema, "Mwanangu, huo unga haujakukosea," na tangu hapo wakaelewana.

Krismasi ikapita. Shirleen alipiga simu mara nyingi, kisha mara moja moja. Elphas alimwambia kuna mambo ya karatasi. Shirleen akasema kanisani wanauliza. Elphas akamwambia aliambie kanisa kuna mambo ya karatasi.

Norman akaja Jeddah. Ziyad hakuwa amekata tamaa ya kushinda, alikata tamaa ya Elphas tu, na Ghalib alitumwa tena Riyadh. Lakini Norman aliketi kitandani kwake Sinaiya kama mfalme, akasema hatoki kabla kafala haijahamishwa na yeye mwenyewe kuiona kwa macho. "Karatasi kwanza," alimwambia Ghalib, "mpira baadaye. Nimeona mwenzangu alivyobebwa na hewa." Ikahamishwa. Elphas alipoambiwa hayo alielewa kuwa yeye ndiye aliyekuwa somo, na Norman ndiye aliyefaulu mtihani.

Ijumaa moja hakuweza kujizuia. Alijifunga kilemba cha Bi Zeinab usoni, akadandia gari la Ghalib, akaenda kusimama nyuma ya uzio wa waya kumtazama Norman akicheza. Norman alikuwa amenenepa. Alishika gongo chini chini, bila madoido. Mpira wa kwanza akaupitisha katikati ya watu wawili, ukatambaa kwenye nyasi, mwenzake akafika nyumbani. Baadaye akapiga mwingine wa aina hiyohiyo, na mwingine tena. Timu ya Ziyad ikashinda. Wazungu wa timu pinzani wakampa Norman mkono. Ziyad alimrukia mgongoni kama mtoto.

"Mashaallah," Ghalib akasema. "Huyu yu hodari."

Elphas alishika waya kwa vidole. "Anayerusha ni nani?"

"Yule? Daktari wa meno."

"Basi," akasema Elphas. "Daktari wa meno."

Norman alikuwa amemwona. Jumamosi alimtumia Elphas ujumbe kupitia kwa Ghalib, wakakutana Sharafiya, kwenye hoteli ndogo ya Wasomali katikati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma pesa. Norman aliagiza chai na wali bila kumuuliza anataka nini. Alikuwa na ikama mpya na viatu vipya. Akamwacha ale kwanza, na hilo Elphas hakuweza kulikataa, alikuwa na njaa.

"Nimeongea na Ziyad," Norman akasema. "Kuhusu wewe. Atampigia mudiri wa Riyadh akutoe huruub, kisha anahamisha kafala yako. Utaosha magari na kushika vifaa vya timu. Nimemwambia nikiwa na mtu wa kwetu karibu napiga vizuri. Huyo mtu ukimwambia chochote kuhusu kupiga anaamini. Likizo yako utapewa mwezi wa nane."

Elphas aliweka kijiko chini. "Norman. Mungu akubariki."

"Ngoja. Nina jambo moja." Norman akatoa simu akaiweka mezani kati ya sahani. "Lile kundi la WhatsApp la Sinaiya bado liko. Ephraim, Elly, wote. Kila siku kuna mjinga ananiambia mimi ni namba mbili, historia iliamua. Mimi sitaki pesa yako, sitaki uniamkie. Nataka urekodi sauti. Useme Norman alikuwa mpigaji mkubwa kuliko mimi. Maneno hayo tu. Ukimaliza, nampigia Ziyad hapa hapa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, buda. Hata dakika haifiki."

Elphas akacheka, kwa nafuu. Akaichukua simu, akabonyeza, akaisogeza mdomoni.

"Wandugu wa Sinaiya, salamu. Ni mimi Elphas, niko Jeddah, nimeketi na Norman. Nataka kusema kwa hiari yangu kwamba Norman ni mpigaji. Mpigaji mzuri sana. Jana nimemwona kwa macho yangu. Huwezi kulinganisha watu waliocheza timu tofauti na kusema tu huyu na yule, lazima uangalie nani alikuwa anarusha, kwa mfano jana alikuwa daktari wa..."

"Futa," Norman akasema. "Anza tena."

Akafuta. Akanywa chai. Akamfikiria Valary, akafikiria uwanja wa ndege wa Kisumu, Shirleen kwenye lango na kitenge kipya. Akabonyeza.

"Wandugu. Ni Elphas. Norman alikuwa mpigaji mkubwa kuliko."

Likabaki neno moja. Lilikuwa jepesi, watoto wadogo wanalisema. Muuza simu mlango wa pili alikuwa akijaribu milio, mmoja baada ya mwingine. Elphas alifungua mdomo, na kilichokuja si neno, kilikuwa wapishi wa Nakuru wakitoka mbio na miko mikononi, wakitazama juu. Nchi hii ilikuwa imemwita sadiki, yaani rafiki, imemwita Keni, yaani Mkenya, imemwita mtoro. Urefu wake iliukodi, macho yake iliyatumia. Alitafuta ndani yake kitu kingine cha kumpa Norman badala ya hicho, akakosa.

"Kuliko," akarudia. Kisha: "Lakini mpira wa paa nani aliupiga? Aseme mwenyewe. Nani?"

Kidole chake kiliteleza, au hakikuteleza, na sauti ikaenda kwa kundi zima. Kabla chai haijapoa majibu yalianza kuingia. Elly alituma vicheko mstari mzima. Mwingine akaandika, Historia haiguswi.

Norman aliichukua simu yake akaifuta na leso kama imeingia mafuta. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa chini, ile hasira ya wajomba, lakini hakupiga kelele. Alisimama akalipa chai na wali.

"Ningekutoa," akasema. "Wallahi ningekutoa."

"Najua."

"Na ulikuwa mzuri, Elphas. Ungesema tu ile moja, hizo sifa zingine zote ningekupa mimi mwenyewe."

Akaondoka kuelekea kituo cha teksi. Elphas alibaki mezani mpaka mhudumu akaja kupangusa, akapangusa kumzunguka.

Alikanda unga wa Bi Zeinab wiki chache zaidi. Halafu misako ya wasio na karatasi ilipokaza, na Bi Zeinab akaanza kuogopa kwa ajili ya nyumba yake bila kusema, Elphas alimuaga, akaenda kujisalimisha Shumaisi, kwenye kituo cha wanaorudishwa makwao. Walimchukua alama za vidole vyote, vya mikono yote miwili, ili akitaka kurudi Saudia, hata kwa jina jingine, mashine imkatae. Askari aliyemshika kiganja alishangaa ukubwa wake, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Elphas akamwambia mlinzi wa mlango.

Alifika Vihiga na mfuko wa plastiki. Shirleen hakuvaa kitenge kipya. Alimtazama kuanzia juu hadi kwenye mfuko, akapokea mfuko, akasema karibu. Valary alijificha nyuma ya mlango, akakataa kutoka, akatoa kichwa tu kuuliza yule mrefu ni nani.

Jioni majirani walikuja kumsalimia aliyetoka Arabuni. Walijaza viti, wakangojea zawadi kwa subira ya watu waliolelewa vizuri. Shirleen akawapa chai.

"Amekuja likizo," akawaambia, kabla hajaulizwa.

"Oh, vizuri sana," akasema mwenyekiti wa akina mama. "Na anarudi lini?"

Shirleen akamgeukia mumewe. Wote wakamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Nakuru, watu wengi namna hiyo walikuwa wakimtazama yeye peke yake.

"Bukra," akasema Elphas.

Wakaitikia kwa vichwa, wakaridhika. Walidhani ni tarehe.